Ukishafunga Mlango, Kaa

Usiku wa kuamkia leo niliota jiko letu la kuni limevaa sweta, limeketi kitandani kwa mama, na linaniita.

Kabla sijasema liliniitia nini, nieleze kwanza kilichonilaza na hasira. Mama yangu, Twilumba, hataki kwenda Dar es Salaam. Mdogo wangu Joramu anataka kumpeleka. Anasema baridi ya Njombe itatumalizia mama, kwamba kila alfajiri miguu yake inakuwa mawe, na kwamba kwake Tabata hakuna mtu anayejua blanketi ni kitu gani. Amekuja na gari. Begi la mama alilifunga yeye mwenyewe jana mchana, akaliweka mlangoni. Mama hakuligusa. Aliniambia tu, "Lusungu, mimi nikiondoka hapa sirudi. Nitarudishwa."

Maneno yale yaliniingia. Nikamwambia Joramu hapiti mtu na begi lile mpaka tupatane, na tukapatana mbele ya mama. Asubuhi ataingia chumbani kwake na kuishika miguu yake. Akiikuta ina joto, mama anabaki. Akiikuta ya baridi, wanaondoka, nami sitafungua mdomo.

Sasa jiko. Ni la chuma, lipo chumbani kwa mama, tulilipata nyumba ya wageni ya misheni ilipobomolewa. Lina mlango mbele, bomba la moshi linalotokea ukutani, na nyuma lina kitu kinaitwa themostati. Ni bati jembamba lililojikunja kama konokono, na kazi yake ni kuonja joto la chumba. Chumba kikipoa linafungua kitundu cha hewa, moto unakolea. Chumba kikipata joto linakifunga, moto unatulia. Pembeni kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba, unachagua joto unalolitaka. Fundi Nyagawa, aliyetufungia, aliapa kwamba likipangwa vizuri linalala na moto mpaka kunakucha. La kwetu lilikuwa linanguruma jioni nzima, kisha linakufa kabla jogoo hajaamka.

Nilimpigia fundi simu anirudie masharti. Mtandao wa kwetu una maringo. Nilisikia kuni ziwe kavu. Nilisikia majivu nisiyazoe yote. Nilisikia moto ushike kwanza ndipo nipunguze namba. Na la mwisho nililisikia vizuri kabisa: "Ukishafunga mlango, kaa." Hapo simu ikakatika.

Nikatii. Kila nikishafunga mlango nilikwenda jikoni kwenye mafiga, nikachukua kaa la moto kwa koleo, nikarudi, nikafungua mlango na kuliongeza. Na kwa kuwa mlango tayari uko wazi, nikachochea. Mimi nimelelewa na mafiga, mkono wangu hauwezi kuuona moto ukauacha. Jana pia nilikuwa nimeshafunga mlango, nimejishikiza kwenye kigoda na koleo langu, nikipumua kidogo kabla ya kwenda kufungua tena. Ndipo jiko likaniita.

"Shikamoo," nikaliambia, maana lilikuwa limekaa kitandani kwa mama na umri wake siujui.

"Marahaba. Mama yako hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani," likasema, likapanua mlango wake. "Wamemweka rafu ya juu, akauke."

Sikuuliza nani kamweka. Nilipandisha gauni, nikaingia.

Ndani ya jiko ni stendi ya mabasi ya Njombe, mchana kweupe, jua kali ambalo Njombe halijawahi kuwapo. Mabasi hakuna. Abiria wote ni magogo. Wamepanga foleni mbele ya geti, na kila anayefika anagongwa na aliye nyuma yake. Akilia *kong*, anapita. Akilia *dub*, anarudishwa mwisho wa mstari.

"Mimi ni mkavu," linasema gogo moja la paini, maji yanalichuruzika mpaka kwenye viatu. "Hili ni jasho la safari."

"Ulikatwa lini?" ninaliuliza.

"Juzi. Lakini nilikatwa nikiwa na nia kavu."

Ninaligonga. *Dub.* Linaangua kilio, na kwa kulia huko linazidi kulowa. Nyuma yake kuna paini mwingine, huyu kweli amekauka, analia *kong* ya kupendeza. Nataka kumchukua, yeye mwenyewe ananikataza.

"Mimi nguvu ya soda, dada," anasema. "Nichukue wa kuwashia. Ukiniamini kwa usiku mzima utaaibika mbele ya watu."

Nikamheshimu kwa ukweli wake, nikamweka kwapani. Kisha nikamwona muwati, mti wa kuni ngumu zinazoungua polepole. Alikuwa pembeni, hana papara, mnene, ncha zake zimepasuka nyufa kama visigino vya mkulima. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Natafuta joto litakalofika asubuhi, mzee. Joramu ataishika miguu ya mama."

"Litafika," anasema muwati. "Lakini siendi peke yangu. Nitakwenda na ndugu zangu, na tutabanana. Ukituacha na nafasi katikati, moto utapita humo unacheza, utatumaliza sote kwa pamoja kabla hujalala."

"Nitawabananisha."

"Wengi husema hivyo."

Mimi si wengi. Nikawaita ukoo mzima wa miwati, nikawaingiza kwenye benchi la abiria, wanene nyuma, wembamba mbele, kama tunavyokaa kanisani siku ya Krismasi. Sogea mzee. Na wewe sogea. Mmoja analalamika nimemkanyaga, mwingine anasema mwenzake ananuka moshi. Nasukuma kwa bega mpaka benchi linalia. Hakuna pa kupitisha hata kidole. Yule paini mkweli namlaza mbele yao, chini, naye anajiwasha mwenyewe bila kuombwa kiberiti, anawapitishia moto jirani zake mmoja baada ya mwingine kama mtu anayegawa sahani za pilau.

Moto umeshika. Nikageuka kutafuta kitufe cha namba nipunguze, na stendi haipo tena.

Niko kwenye chumba changu cha kufumia masweta. Mashine ipo, nyuzi zipo, na ukutani, mahali pa saa, amejikunja bibi mdogo wa bati. Anatetemeka mpaka misumari inatoka ukutani. Amevishwa sweta bichi, la kijani, la mtoto wa shule, bado linadondosha maji ya kufulia.

"Wewe ndiye themostati?" namuuliza.

"Nilikuwa," anasema, meno yanagongana. "Siku hizi mimi ni kamba ya kuanikia."

Kweli, masweta ya wateja huwa nayaanika nyuma ya jiko. Ni mahali pazuri, panakausha upesi.

"Unanivika nguo mbichi," anaendelea, "halafu unaniuliza chumba kina joto gani. Nitakujibu nini mimi? Nakujibu kuna baridi. Nafungua kitundu chote, kuni zinaungua kama zimetukanwa, watu wamekaa humo ndani wanatoka jasho, na mimi huku nasema bado, bado, ongeza. Na wewe unakuja unanizungushia namba tisa."

"Nilidhani tisa inaleta joto haraka."

"Tisa haileti haraka. Tisa inaleta mwisho. Nipe namba moja ya kati, nivue hili sweta, halafu uniache. Usinizungushe kama redio."

Nikamvua. Sweta lilikuwa zito, na lilining'ang'ania mkono kama halitaki kutoka, lakini nikalivuta mpaka likaanguka sakafuni. Nikazungusha kitufe mpaka nne. Yule bibi akajinyoosha taratibu, akapiga mwayo, na mahali fulani nyuma yangu nikasikia kitundu cha hewa kikijifunga nusu.

"Ahaa," akasema. "Kumbe si baridi."

Nilitaka kumshukuru, lakini nilipogeuka nilikuwa sebuleni kwa Joramu, Tabata.

Nayajua makochi yale. Feni inazunguka. Ukuta mzima, badala ya kabati la vyombo, kuna rafu ya kuni, zimepangwa vizuri, na rafu ya juu kabisa, katikati ya vipande viwili vya mlingoti, yaani mkaratusi, amekaa mama yangu. Miguu inaning'inia. Begi amelipakata.

"Mama! Shuka!"

"Siwezi, mwanangu. Bado sijakauka."

Joramu amesimama juu ya stuli. Anamgonga mama goti kwa kidole kilichokunjwa, polepole, kama anabisha hodi kwenye nyumba ya wakubwa. Anatega sikio. Goti halilii *kong*. "Bado," anasema, na machozi yanamtoka, anayafuta kwa bega, anagonga tena. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, yote yakaniishia. Niliona kwamba anaogopa. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya na woga wake zaidi ya kumpandisha mama juu, penye joto.

Niliumia sana. Nilimpenda Joramu, na nilitaka kumwangusha kutoka kwenye ile stuli.

"Mama hakaushwi," nikamwambia. "Mama si kuni. Kuna moto kwetu."

"Moto wenu unalala mapema, dada."

"Huu haulali."

"Nionyeshe."

Nikageuka kuonyesha, na jiko lipo nyuma yangu, limefungwa, kimya. Sikuona mwali. Sikusikia ngurumo. Nikafungua mlango nihakikishe. Moto uliruka ukachukua miwati yangu kwa mdomo mmoja, na nyuma yangu rafu ya mama ikaondoka ukutani ikaanza kwenda, pamoja na ukuta, kuelekea mahali ambapo sikupajua. Nikafunga. Rafu ikasimama. Mama alikuwa amekuwa mdogo kwa umbali.

"Lusungu," akaita. "Unafungua nini?"

"Naangalia kama moto upo!"

"Upo?"

"Ulikuwapo!"

Nikafungua tena, maana niliposhika mlango ulionekana kupoa. Rafu ikaondoka. Nikafunga. Nikafungua nichochee kidogo tu, nirudishe nilichoharibu. Rafu ikaondoka. Sasa mama alikuwa na ukubwa wa kidole, na sauti yake ikafika imechelewa, ikisema nisisahau kumpa mbuzi maji.

Nilijua ninachokosa. Nilikosa lile sharti la mwisho. Nilikimbia kutafuta koleo na kaa la moto, nikipiga kelele, "Kaa! Kaa liko wapi? Nipeni kaa!"

Droo ya majivu ikafunguka yenyewe. Akatoka kaa.

Ni kaa wa mtoni, wa rangi ya udongo, mwenye majivu mgongoni na maji kwenye viungo. Alikuja ubavu ubavu mpaka mbele ya miguu yangu, akakunja magando yake kama mzee aliyeitwa kusuluhisha ndoa.

"Nimekuja," akasema.

"Sikukuita wewe."

"Unaniita kila jioni. Ukishafunga mlango, kaa. Natoka mtoni, napanda mlima wote ule, nafika, nakuta umefungua mlango na unaingiza kitu kingine chenye jina langu. Sijawahi kudharauliwa hivyo."

"Fundi alimaanisha kaa la moto."

"Wewe ulikuwapo alipomaanisha?"

"Simu ilikatika."

Kaa akapumua, mapovu yakamtoka. "Tuko watatu," akasema. "Yupo wa moto. Nipo mimi. Na lipo lile la makalio. Huyo fundi wako alikuwa anasema na makalio yako."

Nilimtazama. Alinitazama, macho yake yamesimama kwenye vijiti.

"Kaa," akasema.

"Mama yangu anaondoka na ukuta, wewe unaniambia nikae?"

"Nakuambia ukae."

"Mimi si mtu wa kukaa. Mimi ni mtu wa kufanya. Jambo likinishinda naongeza nguvu. Nimefuma masweta ya shule nzima kwa mkono mashine ilipoharibika. Nimechimba choo. Kama kuna kazi ya kufanya hapa nipe niifanye, hata iwe ngumu namna gani."

"Hiyo ndiyo," akasema kaa. "Hakuna nyingine ngumu kama hiyo. Kuni umepanga. Nguo mbichi umeondoa. Moto umeshika, namba umepunguza, mlango umefunga. Kilichobaki ni wewe."

Kigoda kikajisogeza chenyewe mpaka nyuma ya magoti yangu. "Karibu," kikasema. "Tangu uninunue hujawahi kunikalia sawasawa. Huwa unanigusa tu."

Nikakaa.

Sijafanya kazi ngumu kama ile. Mikono ilinyanyuka, nikaikalia. Koleo likaanza kunung'unika sakafuni, likisema moto umezimika, mimi ni mtoto wa aina gani. Nikalikanyaga. Nilisikia kimya cha jiko, na kile kimya kilikuwa na kila namna ya kuniambia nimeshindwa. Jasho lilinitoka, nikasema moyoni, nimeamua kukaa, na nitakaa kama nilivyochimba kile choo, tope kwa tope.

"Unakaza meno," akasema kaa.

"Nakaa kwa nguvu."

"Sawa. Kila mtu na mwanzo wake."

Kisha nikasikia mlio. *Tik.* Bibi wa bati amejikunja kidogo, kitundu kimefunguka kidogo, muwati mmoja amepokea moto kutoka kwa nduguye. Kimya kirefu. *Tik.* Amejinyoosha, kitundu kimejifunga. Wanaelewana wao kwa wao humo ndani. Hawanihitaji. Niliona uchungu kidogo kwamba hawanihitaji, kisha uchungu ukaisha.

Sikugeuka kutazama ukuta. Lakini nilisikia rafu inarudi, inakwaruza sakafu kama kabati zito linalosukumwa na watu wenye subira. Ikafika nyuma yangu. Nikasikia mama anashuka, mguu wa kwanza, mguu wa pili. Akapita karibu nami pekupeku juu ya saruji, hakuharakisha. Nikataka kugeuka.

"Usinyanyuke," akasema kaa. "Nitakwenda naye mimi."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shingo ilinikaza, nilikuwa bado kwenye kigoda. Koleo lilikuwa sakafuni, na mlango wa jiko sikuwa nimeufungua tangu jioni. Kupitia kitundu cha hewa niliona wekundu mpana, mzito, wa makaa ya muwati yaliyotulia. Nyuma ya jiko lile sweta bichi la mtoto wa shule lilikuwa limeanguka chini, na kitufe kilikuwa kwenye nne. Nikajiambia labda niliweweseka.

Sikuongeza kuni. Sikuchochea. Nilikaa nikasubiri nyayo za Joramu.

Aliingia amevaa koti, funguo za gari mkononi. Alisimama katikati ya chumba, akalegeza kola. Akapiga magoti mwisho wa kitanda, akaingiza mikono chini ya blanketi, akaishika miguu ya mama. Akakaa nayo. Nilidhani ataitoa mikono upesi, kama daktari, lakini hakuitoa. Alikiegemeza kichwa chake juu ya blanketi, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ina joto," akasema.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza, maana nilitaka lisemwe.

"Kwa hiyo anabaki, dada."

Mama alikuwa macho, anatazama dari. "Nitolee nguo zangu kwenye hilo begi," akamwambia. "Na uzikunje vizuri."

Joramu akajifuta uso, akainuka kwenda mlangoni. Hakufika. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu.

"Dada, nani kaleta kaa humu ndani?"

"Sikuleta," nikasema. "Nilitaka kwenda kulichukua jikoni, usingizi ukanipitia."

"Siulizi hilo. Namuulizia huyu mwenye nyayo hizi."

Nikasogea. Kwenye droo ya majivu palikuwa na upenyo mdogo. Kutoka pale, juu ya saruji, zilikuwapo alama za majivu na maji, vitone vidogo vidogo vilivyopangana, vinakwenda ubavu ubavu. Vilipita kando ya kigoda changu, vikaendelea mpaka mguu wa kitanda, vikapanda. Vya kurudi havikuwapo.

Mama akavuta blanketi kidogo upande wa ukutani, akafunika kitu.

"Mwacheni alale," akasema. "Katoka mtoni huyu, ana baridi."